Kipimo cha Hofu

Hapa Mbuchi mpunga tunaupima kwa debe, na kina cha mto tunakipima kwa upondo. Lakini hofu iliyo moyoni mwa mtoto, tena mtoto asiyeweza kuieleza, tuipime kwa kitu gani? Swali hili limenikaa rohoni tangu nilipostaafu.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika delta hii ya Rufiji. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni. Kila ilipogongwa, mvulana mmoja wa darasa la pili aliziba masikio na kukimbilia mikokoni. Nilimchapa fimbo, wala si mara moja. Bibi yake akaja, akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu si jeuri. Kelele zinamuumiza. Usiku halali kwa kuiwaza kengele." Nikamjibu, "Bibi, mambo ya shule niachie mimi." Chuo cha ualimu kilinifundisha kupima kusoma na hesabu, neno usonji sikuwahi kulisikia. Basi nilipima utii, nikadhani nimempima mtoto.

Sasa nimesoma kidogo. Daktari Leo Kanner, aliyeandika habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, aliona jinsi walivyotaka mambo yabaki vilevile, na walivyofadhaika yalipobadilika. Hata hivyo, kwa miaka mingi hofu yao ilipimwa kwa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya watoto wengine. Asiyependa kuchangamana na watu aliweza kuhesabiwa mwoga, kumbe ndivyo alivyo. Na anayetetemeka kwa kutojua kitakachofuata asiulizwe kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha hojaji iliyorekebishwa kwa ajili yao, yenye maswali 24, nakala moja ya mzazi na nyingine ya mtoto. Hofu ya kutojua litakalotokea imo.

Nimezipenda hizo nakala mbili. Mzazi huona asichokiona mwalimu, lakini naye haingii moyoni mwa mwanawe. Mtoto huyajua maumivu yake, ila huenda hana jina la kuyaita. Shahidi mmoja hatoshi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikihukumu kitanda ambacho hata sikukikaribia, na aliyelala jirani nacho nikamnyamazisha.

Je, ujinga unaniondolea hatia? Kwa kutoujua usonji, pengine nitasamehewa. Lakini bibi yule alisema nami kwa Kiswahili nilichokielewa. Kosa langu halikuwa kukosa kipimo, bali kukataa kusikiliza.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima, fundi hodari wa kushona nyavu. Sina haki ya kumpa jina la kitabibu. Tulipokuwa tukikutana njiani kwenda bandarini, alikuwa akisogea pembeni, kichwa chini, mpaka nipite. Siku hizi nikimwona kwa mbali, husimama mimi, ili apite yeye kwanza.