Waya wa Tatu

Hivi, msomaji mwenzangu, mtu akikinyamazisha kitu kilichokuwa kikimpigia kelele, amekitengeneza? Usinijibu haraka. Mimi nililijibu haraka swali hili, tena mbele ya watu tisa, na jibu langu ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Kwetu ni Tongoni, barabara ya Pangani, hata kilomita 20 hazifiki kutoka Tanga mjini. Vijana kumi tulichanga tukanunua kompyuta ya mtumba, ile kubwa ya mezani, tukaiweka nyumbani kwetu kwa sababu chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Kazi yake ni kuchapa barua za watu, mihtasari ya mikutano, maombi ya kazi, na orodha za michango ya harusi na misiba. Mchapaji ni mimi. Aghalabu nilichapa usiku, maana mchana kila mtu ana hangaiko lake.

Sasa ile kompyuta ina feni, ile ndogo inayokaa juu ya prosesa ili kuipoza. Ilikuwa ikilia, bwana, utadhani mashine ya kusaga. Na nyuma ya ukuta ule ule analala shangazi yangu, mgonjwa wa presha, mtu ambaye usingizi kwake ni sehemu ya dawa. Hakulalamika hata siku moja. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo shangazi, umelalaje?" hunijibu, "Marahaba mwanangu, nimelala hivyo hivyo." Hilo "hivyo hivyo" likawa linaniuma kuliko kelele yenyewe.

Fundi mmoja wa mjini akanifundisha ujanja. Kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta hutoka nyaya za rangi. Wa njano hubeba volti 12, mwekundu volti 5, mweusi ni sifuri, ndiyo njia ya umeme kurudi. Feni imeundwa kwa volti 12. Basi unaichomoa kwenye soketi yake, unaunga waya wake wa kuingiza umeme kwenye ule wa njano, na ule wa kurudisha, badala ya kuupeleka kwa mweusi, unaupeleka kwa mwekundu. Feni itapata tofauti tu kati ya 12 na 5, yaani 7. Humo ndani hakuna waya hata mmoja unaobeba volti 7. Saba hiyo inaishi kati ya wawili. Feni inazunguka polepole, makelele yanakwisha. Na hesabu yake inashawishi kweli: ukiipunguza kasi kwa nusu, upepo hupungua kwa nusu, lakini sauti hushuka kwa kama desibeli 15. Unatoa upepo, unapewa kimya kingi kuliko upepo ulioutoa. Nani atakataa biashara hiyo?

Nikachukua bisibisi, koleo, wembe na utepe wa nyaya. Robo saa haikufika. Nikawasha, nikatega sikio. Kimya! Nilisikia mpaka bahari.

Lakini feni ile ilikuwa na waya wa tatu. Waya huu hauleti umeme, unapeleka habari. Feni inapozunguka, waya huo huuambia ubao mkuu wa kompyuta: nipo, nazunguka kwa kasi hii. Katika mpango wangu mpya haukuwa na pa kwenda, nami nikaukunja na kuufunga kwa utepe. Kompyuta ilipokosa habari ikaandika kwenye kioo kwamba feni haifanyi kazi, ikagoma kuendelea mpaka nibonyeze kitufe. Nikaingia kwenye mipangilio yake nikaiambia isiulize tena. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na mkono haukutetemeka.

Naomba tusimame hapo kidogo. Katika kupunguza kasi sioni dhambi. Jirani ana haki ya usingizi, sembuse shangazi mgonjwa. Hata ule waya mwekundu, uliowekwa utoe umeme na sasa unatwishwa kupokea mabaki ya feni, mzigo wake ni mdogo, na vifaa vingine vinavyokula umeme kwenye njia hiyo huumaliza. (Vikiwa vichache mno volti zake huweza kupanda, ila kwangu havikuwa vichache.) Kinachonisumbua ni ile dakika moja. Kelele ilimsumbua shangazi. Ule waya wa tatu ulimsumbua nani? Haukuwa na sauti. Kosa lake lilikuwa kusema.

Kesho yake mhazini wetu akaniuliza mbele ya wenzetu, "Umeitengeneza?" Nikasema, "Nimeitengeneza." Nikapongezwa, mmoja akaninunulia na soda. Nikainywa.

Kiswahili chetu kimetenga maneno mawili ambayo mimi niliyachanganya makusudi: kutulia na kunyamaza. Mtoto anayelia kwa njaa ukimtolea macho atanyamaza, lakini mama yeyote hapa kijijini atakuambia huyo hajatulia. Wageni wanaokuja kuangalia magofu yetu husifu sana utulivu. Hutembea kati ya makaburi ya nguzo, mengi nguzo zake zimeshaanguka, hupapasa vishimo palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya Kichina, huingia ndani ya ule msikiti usio na paa, kisha huvuta pumzi na kusema, jamani, hapa pametulia. Sisi hucheka kimoyomoyo. Jina lenyewe Tongoni maana yake ni mahali pa magofu. Kimya cha msikiti usio na mwadhini si kimya cha watu waliomo kwenye sijida, ingawa sikioni vinafanana kabisa.

Na mbele ya magofu hayo, baharini, kuna miamba ambako meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama Aprili 1498. Waliporudi kutoka India, Januari 1499, waliichoma kwa mikono yao, kwa kuwa mabaharia wengi walishakufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Simsifu mtu yule hata kidogo. Ila walijua wanapoteza nini, na mabaharia waliokuwapo waliuona moshi. Mimi wenzangu tisa walikuwa na hisa katika kile nilichokitoa, na hakuna aliyeuona moshi.

Lazima niseme haki: shangazi alilala. Wiki ile ya kwanza aliniambia, "Leo nimelala, mwanangu," bila ya "hivyo hivyo." Kwa hiyo anayetaka kunihukumu aliweke na hilo kwenye mizani. Ningekuwa nimefanya ubaya mtupu nisingekuwa na haja ya kuandika.

Ukaingia mwezi wa Januari, kaskazi, joto la pwani unalijua. Usiku mmoja kompyuta ikazimika yenyewe. Nikadhani LUKU imekwisha, kumbe taa inawaka. Ikazimika tena siku ya tatu. Mara ya tatu nilikuwa katikati ya orodha ya rambirambi za msiba, majina themanini na ushee, sijahifadhi. Yakapotea yote. Nilirudi kwa wafiwa kuomba lile daftari upya, na yule mzee aliyenipa hakusema neno. Alilifuta vumbi kwa kiganja, akanipa.

Prosesa ikichemka kupita kiasi hujizima isiungue, ndivyo ilivyoundwa. Nilipofungua, feni ilikuwa imesimama kabisa. Nikabandua ile karatasi ya duara katikati yake. Ndani pakavu, mafuta yamekwisha, vumbi limegandamana na unyevu wa chumvi. Ndipo nikaelewa kwamba ile kelele ya miezi yote ilikuwa ekseli ikiomba mafuta. Kwa volti 12 ilikuwa ikijikokota na kulia. Kwa volti 7 siku nyingine hata kuanza kuzunguka haikuweza, na aliyekuwa na kazi ya kusema hivyo nilikuwa nimemfunga utepe.

Nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Nikairudisha kwenye soketi yake, nyaya zote tatu, nikarudisha na lile onyo. Kelele ikashuka, ila haikwisha.

Sasa na shangazi je? Jioni ile nikafanya jambo ambalo, wallahi, sikuwahi kulifanya katika miezi yote ile niliyodai kumhurumia. Nilimuuliza. Nikamwambia, shangazi, mashine itarudi kulia kidogo, tufanyeje? Akafikiri, akasema, "Mwanangu, wewe saa nne ukizima, mimi yananitosha. Na hiyo meza si unaweza kuisogeza ukuta ule wa barabarani?" Meza ina miguu minne na mimi nina mikono miwili. Tuliisogeza mimi na mdogo wangu hata chai haijapoa.

Uchapaji wa saa tano na saa sita ukafa, na mapato ya kikundi yakapungua. Hapo ikawa sina budi kuwaeleza wenzangu. Jumapili tulipokutana nikawaambia yote: njano, mwekundu, utepe, ile dakika moja, na lile neno nililolisema siku ya soda. Mhazini aliandika kidogo kwenye daftari lake kisha akaacha. Aliyeninunulia soda alikuwa anatazama chini. Hatimaye akainua uso, akaniuliza bila ya hasira, "Na vile vingine ulivyotuambia umevitengeneza?"

Vilikuwa vitatu. Nikaanza na printa.