Kitambaa Kibichi Mlangoni



Alhamisi mbili zilizopita jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mama mmoja mjane hapa mjini. Tulikuwa watu 11 sebuleni, madirisha yamefungwa, maana mnajua wenyewe upepo wa Sumbawanga wa mwezi wa saba unavyoingia mpaka kwenye mifupa. Msomaji alikuwa katikati ya somo. Kasuku wa mama yule, ambaye hafungiwi tunduni na huruka atakavyo ndani ya nyumba, alitoka juu ya kabati akielekea kwenye pazia, na akiwa njiani akadondosha. Tone likaangukia ukurasa uliokuwa wazi.

Msomaji akanyamaza. Mzee mmoja akasema, wote tukisikia, "Mama, mkate mabawa huyo ndege, la sivyo usitukaribishe tena." Hakuna aliyemjibu. Mimi padre wenu nilikuwepo, na wakati wa kuaga nikamwambia mama yule mlangoni kwamba mzee amesema kweli. Neno hilo lilininyima usingizi siku nne. Siku ya tano nikarudi kwake kuomba msamaha. Akasema msamaha nimepata, ila nije kesho yake kabla hakujapambazuka sawasawa, nione kwa macho yangu.

Nikaenda. Kasuku alikuwa amelala juu ya mbao ya kichwani mwa kitanda, na chini yake mama ametandika salfeti iliyopasuliwa. Mwanga ulipoanza kuingia, mama alimpa kidole, akampeleka sebuleni karibu na dirisha, kwenye tawi la mpera lililofungwa juu ya karai lenye maranda. Hapo mama akasimama akingoja, hakumsemesha. Ndege akajikung'uta manyoya, akarudi nyuma hatua moja, akachuchumaa, akainua mkia, akashusha mzigo wa usiku kucha. "Ahsante, mwanangu," mama akasema, akampa punje moja ya karanga. Ndipo akamwachia aruke.

Nilidhani ni bahati. Kumbe ni kazi ya miezi. Ndege hana kibofu cha kutunzia mkojo kama sisi, kwa hiyo vyote hutoka pamoja: choo chenyewe cha kijani au kahawia, mkojo mzito mweupe kama chokaa, na maji kidogo. Mchana kasuku hujisaidia kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mara nyingi kabla tu hajaruka. Mama amejifunza dalili zake. Akimwona anarudi nyuma na kuchuchumaa, anamnyoshea kidole na kumrudisha juu ya karai. Akikosea hamgombezi, kwa sababu kasuku akigombezwa huelewa kelele tu, haelewi sababu yake. Akipatia, anapata karanga na neno zuri. Siku hizi mara nyingi huenda kwenye tawi mwenyewe.

Yanayoanguka kwingine yanafutwa palepale. Makochi ameyafunika kanga kuukuu zinazofuliwa kila siku, na vitambaa vyake vya kushona amevikunja kabatini. Mlango wa jikoni haufunguliwi ndege akiwa nje ya chumba cha kulala. Na hafagii kinyesi kikavu hata siku moja. Kilichokauka anakilowesha kwanza, anakiacha kilainike, kisha anafuta kwa kitambaa kibichi na kunawa mikono kwa sabuni. Yuko sahihi, na wanaofuga ndege ndani ya nyumba wamsikilize, kwani kinyesi kikavu kikifagiwa hutimua vumbi, na vumbi hilo laweza kubeba vimelea vya homa ya kasuku, ugonjwa unaoingia kwenye mapafu ya binadamu. Kikiachwa kwa siku nyingi, ile sehemu nyeupe hula vanishi ya meza. Kila asubuhi anaangalia rangi kabla ya kufuta, kama mama anavyoangalia nepi. Ile nyeupe ikigeuka njano au kijani, anamwita daktari wa mifugo.

Maranda ya karai huyamwaga nyuma ya nyumba, anayachanganya na majani makavu, anayaacha yaoze vizuri ndipo ayapeleke kwenye tuta la mchicha. Nilipoona lile tuta niliwakumbuka wazee wa Ufipa na matuta ya intumba, nyasi zinafukiwa, zinaoza, halafu ulezi unaota juu yake. Watu wa nyanda hizi hawajawahi kuona kilichooza kuwa ni cha kutupwa tu.

(Kwa wale watakaotamani kasuku baada ya kusoma haya: ndege wa porini hakamatwi wala kufugwa bila kibali. Ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kasuku wa kijivu tangu mkutano wa mataifa wa Johannesburg wa mwaka 2016 kuhusu biashara ya wanyamapori yumo kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuuzwa nje ya nchi kibiashara baada ya kutolewa porini. Kibali cha kasuku wa mama yule kimo kwenye kabrasha moja na hati ya nyumba. Nimeonyeshwa.)

Nilimuuliza mama kuhusu mabawa. Akaniangalia. "Baba, nikimkata mabawa ataacha kujisaidia?"

Sikuwa na jibu. Kisha akaniambia jambo ambalo ningepaswa kulifikiria mwenyewe, maana ni mimi niliyemzika mume wake. "Miezi 14 nilimgeuza mzee wangu kitandani. Shuka tatu, nne kwa siku. Ndege alikuwa anakaa pale kichwani pake, mzee anamtazama akiruka, kwa sababu yeye hata kukaa hakuweza. Akaniomba asifungiwe. Kufuta nilijifunzia kwa mzee, Baba, sikujifunzia kwa ndege."

Niliporudi nyumbani nilifungua Kitabu cha Tobiti, sura ya pili. Nimeihubiri mara nyingi na sikuwahi kuisoma kama nilivyoisoma siku ile. Tobiti ameacha chakula cha sikukuu ili akamzike ndugu aliyeuawa na kutupwa sokoni. Jua likishazama anachimba kaburi, anazika, ananawa, analala uani karibu na ukuta, uso haujafunikwa kwa sababu ya joto. Juu ya ukuta kuna shomoro. Kinyesi chao, kingali cha moto, kinamdondokea machoni na kufanya utando mweupe. Anakwenda kwa waganga, na kadiri wanavyompaka dawa ndivyo anavyozidi kupofuka.

Sisi wahubiri tunakimbilia mwisho wa hadithi, nyongo ya samaki na malaika Rafaeli. Safari hii nilikwama kwa mbuzi. Mke wake Ana anaanza kufuma kwa ujira ili wapate kula. Siku moja waajiri wake wanamlipa na kumwongezea mwana-mbuzi. Tobiti anasikia mbuzi analia ndani ya nyumba, anamshika mkewe kwa maneno: ameibiwa wapi huyu, mrudishe kwa wenyewe. Ana anaeleza, mume hasadiki.

Tazameni, ndugu zangu. Tobiti hakuwalaani shomoro. Hakukuwa na wa kulaaniwa, kwani ndege walifanya kilicho cha ndege, na yeye alilala mahali pa kulala akiwa ametoka kutenda jambo jema. Lakini maumivu yasiyo na mkosaji ni mzigo mzito sana kubeba. Yanatafuta mtu, na mtu aliye karibu kuliko wote ni yule anayetulisha. Utando wa machoni ulimzuia Tobiti kuona ukuta. Huu mwingine, wa maumivu, ulimzuia kumwona Ana.

Ndivyo tulivyofanya sebuleni kwa mama yule. Kilichohitajika kilikuwa kitambaa, nasi tukatafuta mshtakiwa. Na mimi, niliyepaswa kuwa wa kwanza kuinuka na kufuta ukurasa, niliongeza hukumu mlangoni.

Ninapowapelekea wagonjwa Komunyo naziona nyumba nyingi za namna hii. Mzee amelowesha kitanda, na sauti ya kwanza inauliza, "Mbona hukusema?" Bibi amesahau njia ya chooni, wajukuu wanamsema mbele yake kana kwamba hasikii. Mkwe anasugua godoro uani huku mawifi wanajadili nani alimpa bibi maji mengi usiku. Sisemi kila uchafu wa nyumbani hauna mwenyewe. Anayerudi amelewa na kuchafua nyumba ana la kujibu, na asiufiche ulevi wake nyuma ya kasuku huyu. Nasema juu ya wale ambao mwili wao unafanya kilicho cha mwili, nao wanaona aibu kutuzidi.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa wenye uwezo. Wapo wanaopenda kwa mkono wa mwingine. Mgonjwa ni wao, mtoto ni wao, ndege ni wao, lakini kitambaa ni cha binti wa kazi, aliyetoka kijijini akiwa bado mdogo, na hata kuambiwa ahsante haambiwi. Mama yule ana wajukuu wawili pale nyumbani, na zamu ya karai ni ya kila mtu, wa kiume kwa wa kike. Wa kiume ana miaka tisa. Nilimwona akilowesha, akisubiri, akifuta, akienda kunawa, bila kukumbushwa.

Alhamisi hii saa kumi jioni jumuiya inasali tena kwake. Nimeongea na mzee wetu, naye anakuja, na ameomba yeye ndiye asome somo. Kasuku atakuwa huru kama kawaida. Karai litakuwa dirishani chini ya tawi, na kwenye stuli ya mlangoni kutakuwa na beseni la maji na kitambaa kibichi. Atakayeguswa asiinuke. Nitakaa karibu na hiyo stuli, nitafuta mimi.