Toboeni Paa

Wapendwa, someni tena Marko sura ya 2. Watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza hadi nyumba aliyomo Yesu, Kapernaumu, wanakuta mlango umezibwa na umati. Wangeweza kumlaza nje wakamwombea. Hawakukubali! Walipanda juu, wakalitoboa paa, wakamteremsha na godoro lake. Wala hatusomi popote kwamba mwenye nyumba alidai fidia. (Kwetu angeshafika kwa mjumbe.)

Ninyi je, mmetoboa paa gani? Kijana aliyepooza miguu kwa polio mnampa sadaka Jumapili. Jumatatu daladala inamwacha kituoni kwa kuwa konda hana muda wa kupakia kiti chake. Mikono yake imekomaa kuliko yenu, maana ndiyo inayomtembeza. Mpeni usukani!

Mnauliza ataendeshaje? Nendeni mkaitazame bajaji. Klachi iko mkono wa kushoto, mafuta mkono wa kulia. Mguu una kazi ya breki tu. Fundi anaunga chuma kwenye pedeli, kinapanda hadi mkono unapofika, na huyo yuko barabarani anatafuta hesabu kama dereva mwingine. Gari la otomatiki nalo hufungwa fimbo chini ya usukani: ukiisukuma unashika breki, ukiivuta unaongeza mafuta. Roosevelt, aliyepooza mwaka 1921, aliendesha Ford yake kwa mikono akiwa Rais wa Marekani. Alex Zanardi, dereva wa mbio za magari, alikatika miguu yote miwili mashindanoni Ujerumani mwaka 2001; mwaka 2005, Ujerumani hiyohiyo, akashinda mbio za magari.

Lakini fundi, nakusihi, usichomelee kwa kubahatisha. Kiungo kikiachia mteremkoni, umeua. Pima, funga, jaribu wewe kwanza, kisha gari liende kwa mkaguzi.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru magari yaliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Wangapi mlimwambia jirani yenu? Msamaha huo una makaratasi, na ofisi nyingine iko ghorofani, lifti mbovu. Wazee wa kanisa, hizo ngazi zinawahusu.

Basi Jumapili hii sadaka ya pili iwe ya fimbo ya breki ya mtu mnayemjua kwa jina. Mwenye gari la otomatiki alitoe lifungwe fimbo hiyo, mtu huyo ajifunzie. Mwenye chuo cha udereva, mwandikishe. Na wewe fundi, baada ya ibada usiondoke: njoo mbele na futi yako.