Ole Wenu Mnaokata Dozi

Sikilizeni, enyi mnaouza dawa Rongo, kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, nanyi mnaozinunua, nanyi mnaoona mkanyamaza.

Tunakaa ukanda wa ziwa, ambako malaria haijui likizo. Dozi ya AL, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Hesabu hiyo mnaijua usingizini. Lakini mama akija na hela pungufu mnachukua mkasi, mnamkatia vidonge vinane na kumwambia, "Ukipata nyingine urudi." Vinane hushusha homa, vimelea hubaki. Juma lijalo amerudi, anadhoofika na analipa tena, nanyi mnaita hiyo huruma. Hiyo ni kuvuna ugonjwa. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kupandisha bei ili wamnunue maskini. Alikuwa anawasema ninyi.

Ole wenu pia mnaokula mshahara wa umma na kuhamisha maboksi ya dawa za hospitali usiku. Dawa yenye muhuri wa GOK, yaani wa Serikali ya Kenya, imekwisha kulipiwa kwa kodi ya mkulima wa miwa na ya mwendesha boda. Ni kweli, tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013, kaunti huchelewa kulipa deni la KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na shehena nazo huchelewa. Kaunti itajibu kwa hilo. Lakini deni la KEMSA halikumtuma mtu kusema dirishani "dawa imeisha", kisha amwelekeze mgonjwa kwenye kemisti ambayo ni ya kwake mwenyewe. Huo ni wizi, na mwenye kuibiwa ni mtoto mwenye degedege.

Mnasema, "Biashara ni biashara, bei ya chini haiwezekani." Iliwezekana. Kuanzia 2010 ruzuku ya kimataifa ilileta AL zenye nembo ya jani la kijani, na bei iliyotangazwa nchini Kenya ilikuwa shilingi 40 kwa dozi. Maduka hayakufungwa. Na bei moja kwa wote pia inawezekana: huko Ujerumani, nchi yenye makampuni makubwa ya dawa, dawa ya cheti cha daktari ina bei moja katika kila duka, mjini na kijijini. Kwetu sheria haijaweka bei hiyo moja, nanyi mmeugeuza ukimya wake kuwa kibali: mgonjwa aliyetoka Kamagambo usiku anatajiwa bei kwa kuangaliwa viatu vyake.

Nasi wanunuzi tusijifiche. Nani anaingia kwa kemisti na kudai kapsuli za rangi mbili kwa mafua, bila cheti? Nani anakataa kipimo cha malaria kwa sababu "naijua homa yangu"? Nani anaona muhuri wa GOK, anafurahia unafuu, anatia mfukoni? Mwizi hana soko pasipo mnunuzi. Tena tunachanga maelfu kwa matanga, tunakodi hema na spika, ilhali yule tunayemzika alikosa pesa za dozi moja na tulijua.

Wachungaji na wazee, mnapokea sadaka ya maduka haya Jumamosi na Jumapili. Midomo yenu imefungwa na nini?

Geukeni. Mwenye duka, bandika bei ukutani karibu na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, iwe moja kwa aliyevaa suti na aliye pekupeku. Uza dozi kamili. Mteja akipungukiwa, mpe dozi nzima na uandike deni. Mfanyakazi wa hospitali, rudisha ulichochukua. Mnunuzi, kataa dawa ya wizi na umtaje anayeiuza. Jirani, changa mtu angali anapumua. Anayetajirika kwa kuwapunguzia wagonjwa dozi ana damu mikononi, na Mungu atamdai.