Kuongeza Bila Kufuta

Mama yangu ana duka Kayole, na kama kila mwenye duka mtaani, ana daftari la madeni. Unga, sabuni, mkate, mafuta ya kupima: yote yako pale kwa kalamu ya bluu, jina, bei na tarehe. Mtu akilipa, Mama anapiga mstari mmoja juu ya jina lake. Hafuti. Ukiangalia vizuri bado unaweza kusoma nani alikopa nini.

Mwaka nilioacha chuo, nilikuwa nyumbani nikiandikia watu makala kwa malipo kidogo, na usiku najifunza Python. Nikaona daftari la Mama ni aibu, maze, dunia imefika wapi na sisi bado tuko na kalamu. Nikanakili madeni yote kwenye faili moja, madeni.txt. Daftari lenyewe lilikuwa limejaa, kwa hivyo kurasa zake zikaanza kufungia njugu.

Siku iliyofuata niliongeza deni moja tu, mkate wa fundi wa viatu. Nilipofungua faili, ilikuwa na mstari mmoja: mkate wa fundi wa viatu. Wengine wote walikuwa wameenda.

Kosa lilikuwa herufi moja. Katika Python, ukifungua faili kwa open("madeni.txt", "w"), iliyokuwemo inamwagwa palepale, hata kabla hujaandika neno. Haikuulizi kama una uhakika. Ukitaka kuongeza mwishoni bila kugusa ya zamani, unaweka "a". Na hata hiyo "a" haikufanyii kila kitu. Usipoweka alama ya mstari mpya, \n, deni la leo linashikana na la jana, na hujui tena la nani linaishia wapi.

Nilimwambia Mama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, nani atakumbuka?"

Wiki hiyo nilikaa naye dukani. Kuna waliokuja wenyewe: "Mama, mimi unanidai mia mbili hamsini." Kuna waliopita wakitoa salamu ndefu kuliko kawaida. Halafu kuna mteja mmoja wa siku nyingi aliyesema mia mbili, na Mama akakumbuka mia tatu. Hakuna aliyekuwa mwongo, nadhani. Lakini hawakuwa na kitu cha kutazama pamoja, na urafiki wao ukapoa kwa sababu ya shilingi mia. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya daftari. Siku zote nilidhani watu huandika madeni kwa sababu hawaaminiani. Kumbe rekodi inawasaidia hata watu wawili waaminifu ambao kumbukumbu zao hazilingani.

Sasa, kilichoninyima usingizi hakikuwa faili. Nilikuwa nimemwambia Mama kwamba niko nyumbani kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri. Mgomo ulikuwa umeisha. Karo ya muhula wa mwisho aliyonitumia ilikuwa imeishia kwa kodi ya nyumba na chakula. Mtandaoni nilikuwa tayari "mwandishi wa kujitegemea", miaka mitatu ya chuo imetoweka kana kwamba sikuwahi kukanyaga darasani. Nilikuwa nafungua maisha yangu kwa "w".

Rika letu linapenda neno "kuanza upya". Nambari mpya, picha za zamani zimefutwa, mji mwingine. Na si kila kufuta ni uoga. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na zilizopatikana kinyume cha sheria zifutwe. Msichana ambaye picha zake zilisambazwa bila idhini hana deni la kumbukumbu kwa yeyote. Afute zote.

Kwa hivyo swali langu likawa: rekodi hii ni ya nani? Aibu yangu ni yangu, naweza kuifuta nikitaka. Deni lina watu wawili. Nikilifuta upande wangu, namwachia mwenzangu mzigo wa kukumbuka peke yake, na siku akisema, ataonekana ni yeye anayetafuta ugomvi. Hata M-Pesa inajua hili. Ukituma pesa kwa mtu asiye yeye na zikarudishwa, taarifa yako inabaki na mistari miwili: zilienda, zikarudi. Kosa limerekebishwa, lakini halijajifanya halikutokea.

Jumapili hiyo nilimwambia Mama kuhusu karo. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kupima sukari. Kisha akachukua daftari jipya, akaandika jina langu, kiasi, na tarehe, kama anavyomwandikia mteja yeyote. Iliniuma kuliko angenikaripia. Baadaye niliona pia kwamba watu ambao Mama amewakatia tamaa hawaandiki.

Programu niliirekebisha, sasa ina "a" na \n, lakini Mama bado anapenda kalamu. Nalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Kila malipo ni mstari mpya, chini ya ule wa kwanza.