Nia na Mwendo wa Damu

Katika karne ya 19, mjini Turin nchini Italia, alikuwako mkulima aitwaye Bertino, ambaye fuvu lake lilikuwa limevunjika likaacha pengo lililofunikwa na ngozi tu, na kwa pengo hilo mtaalamu Angelo Mosso aliweza kupima jinsi ubongo unavyopwita kwa kila pigo la moyo. Kengele za kanisa zilipolia, kalamu ya chombo chake ilipanda kupita ada; Mosso akamwuliza kama mlio ule umemkumbusha kuwa yampasa kusali Salamu Maria, naye akaitika kuwa ndivyo, na kwa swali lile kalamu ikapanda tena.

Kwetu sisi tuliosomeshwa chuoni kwamba nia mahali pake ni moyoni, na kwamba kuitamka, kwa kauli ya wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ni ulimi kuusaidia moyo tu, habari hii si ya kupuuzwa. Kwani ikiwa damu huondoka kabla ya ulimi, je, aliyeiona damu ameiona nia, ambayo tumezoea kusema haijulikani ila na mwenyewe na Mola wake?

Yafaa kwanza kutambua kinachoonekana hasa. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walithibitisha kwamba damu iliyobeba oksijeni husukumwa na sumaku, kidogo mno, ilhali ile iliyokwisha kuitua huvutwa. Na mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akaonyesha kwa panya kwamba tofauti hiyo hudhihiri katika picha za MRI, yaani za mtambo wa sumaku. Njia ya nuru aliieleza Frans Jöbsis mwaka 1977: nuru iliyo jirani na nyekundu, isiyoonekana kwa macho, hupenya ngozi na mfupa ikarudi imepungua kwa kadiri ya hali ya damu iliyopishana nayo, na kwa kuwa taa zake hufungwa katika kofia nyepesi, hata mtoto mchanga asiyetulia hupimwa, ijapokuwa haifiki ndani zaidi ya sentimita chache.

Hakuna kati ya vyombo viwili hivi kinachoona fikira. Vinaona damu, tena damu iliyochelewa, maana chembe za ubongo hupashana habari kwa sehemu za elfu za sekunde, na mkondo wa damu hufika kilele chake baada ya sekunde tano hivi, tena ukileta oksijeni nyingi kuliko itakayotumika. Aonaye mtungi ukiingizwa nyumbani hujua kuwa ndani maji yanatakikana. Kama ni ya kunywa au ya kutawadhia, mtungi hausemi.

Walijua hivyo masista 15 Wakarmeli wa Montreal, ambao Mario Beauregard na Vincent Paquette waliwapima kwa MRI, na habari zao zikatangazwa mwaka 2006. Walipotakiwa waungane na Mungu mle mtamboni, walijibu kuwa Mungu haitwi akaja kwa matakwa ya mja, ikabidi waambiwe wakumbuke tu ile saa tukufu kuliko zote waliyowahi kuionja; basi kilichopigwa picha ni kumbukumbu, nayo ilitawanyika katika sehemu nyingi za ubongo. Mimi nimewastahi masista hawa kuliko wengi walioandika juu yao, wakiwamo waliotangaza kuwa Mungu amepatikana na wale waliotangaza kuwa basi ni damu tupu.

Walakini mwaka huo huo wa 2006 Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23, aliyepata ajali ya gari, aliyekuwa akifumbua macho pasipo dalili yoyote ya kufahamu. Waliwasha mtambo wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake. Na damu yake ikaenda pale pale inapokwenda damu ya watu wazima wa afya waambiwapo hayo. Na mwaka 2010, katika wagonjwa 54 wa Cambridge na Liège, watano waliweza kuitii amri ya namna hii, na mmoja akaulizwa maswali sita ya nyumbani kwao, tenisi ikiwa ndiyo, au nyumba ikiwa siyo. Matano aliyajibu sawasawa. La sita, damu haikwenda huku wala kule.

Hapa mizani inabadilika, kwa kuwa mafakihi tangu zamani wameikubali ishara ya bubu ifahamikayo katika kuuza, kuoa na kuacha. Bertino hakuituma damu yake kwa mtu. Ilimponyoka, na Mosso hakujua maana yake mpaka alipomwuliza. Mgonjwa wa maswali sita aliituma, kwa mapatano yaliyotangulia, kwa mtu aliyemwuliza. Basi ya kwanza ni damu tu hata ikipimwa kwa chombo cha namna gani, na ya pili ni kauli, na kadhi ningemshauri aipokee hata katika wasia, ikiwa imerudiwa mbele ya mashahidi wanaoujua mtambo. Na swali la sita nisingelihesabu kuwa amekana. Huenda alilala, huenda alichoka, huenda hakutaka kujibu. Ningeliuliza tena siku nyingine.