Chini ya Tao la Tito

Katika sura ya 13 ya Injili ya Marko yuko mwanafunzi mmoja asiyetajwa jina. Wanapotoka hekaluni anamwita Mwalimu wake atazame mawe yalivyo makubwa na majengo yalivyo ya ajabu. Kwa miaka mingi nilimsoma mtu huyu kwa dharau kidogo. Nilimwona mshamba wa Galilaya aliyefika mjini mara ya kwanza. Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe, nasi tunaohubiri tunakwenda na jibu hilo, yeye tukimwacha pale pale na mdomo wazi.

Sasa namwomba radhi. Mwaka juzi, baada ya kustaafu ualimu, nilimtembelea binti yangu anayesoma Roma, naye akanipeleka kuona majengo ya kale. Sikuwa nimewahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Mimi ni mtu wa Marangu; kitu kikubwa nilichozaliwa nikikiona ni mlima, na mlima haukujengwa na mtu. Tulipofika Colosseum nilisimama nikapiga hesabu kama mwalimu. Ujenzi ulianza chini ya Kaisari Vespasiano, uwanja ukafunguliwa mwaka 80, na yasemekana uliingiza watu wapatao 50,000. Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam, wenye nondo na zege la siku hizi, unaingiza 60,000. Nikalishika jiwe, nikasema kwa sauti, "Watu hawa walikuwa na akili." Sijutii kusema hivyo, ingawa najua ni damu ya namna gani iliyomwagika ndani.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye njia ya mawe iendayo Forum, lipo Tao la Tito. (Si yule Tito wa nyaraka za Paulo; huyu ni mwana wa Vespasiano, jemadari aliyeteketeza Yerusalemu mwaka 70, baadaye akawa kaisari.) Nilipita chini yake nikipiga picha. Binti yangu akaniita.

"Baba, rudi kidogo. Tazama ukutani, upande wa ndani. Unaona wanachobeba?"

Nikatazama. Wanaume wenye mashada ya majani vichwani wanatembea kwa furaha, na mabegani wamebeba kinara cha taa chenye matawi saba. Katika mchongo huo huo ipo meza ya mikate ya wonyesho pamoja na tarumbeta. Nilikuwa nimefundisha habari za vyombo vile shule ya Jumapili kwa miaka 30, nikivichora ubaoni kwa chaki. Na hapa vilikuwa vinaibwa mbele ya macho yangu, kwa ufundi mzuri kupita kiasi. Yale mawe ambayo mwanafunzi aliyastaajabia, hiki ndicho kilichotoka ndani yake. Josephus, Myahudi aliyeandika habari za vita ile, anasimulia kwamba katika maandamano ya ushindi kiongozi mmoja wa Wayahudi, Simoni mwana wa Giora, alikokotwa na kamba shingoni hadi Forum, akauawa, na watu wakashangilia.

Kamba hiyo ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Tarehe 2 Machi 1900, kule Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wamangi na wakuu wengine wa Kilimanjaro na Meru. Meli alikuwa kijana. Mwaka 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani vitani. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu zaidi, wakamshinda. Wazee wa ukoo wake husema kwamba baada ya kunyongwa alikatwa kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu yaliyochukuliwa Afrika ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya marehemu hao na familia zilizo hai huku kwetu. Kichwa cha Meli hakikuwamo. Mji wenyewe nao ulihama: reli ya kutoka Tanga ilipofika uwandani, jina la Moshi lilishuka chini, na kule juu pakabaki pakiitwa Old Moshi.

Nilimweleza binti yangu haya tukiwa tumekaa kivulini. Niliongeza kwamba tao kama lile lingefaa kubomolewa. Yeye hakukubali. "Likibomolewa, Baba, tutajuaje kinara kilifananaje?" Ni kweli. Kinara chenyewe hakijulikani kilipo. Sura yake imebaki katika jiwe la mwizi. Mnyang'anyi anayejisifu huacha ushahidi. Waliochukua kichwa cha Meli hawakukichonga ukutani ili wapita njia waone. Mafuvu yaliwekwa ndani, mbali na macho ya wenye wafu wao, kama vitu vya kuchunguzwa. Kati ya majivuno na ukimya, sijui ni kipi kibaya zaidi, lakini majivuno angalau yanaweza kujibiwa. Inasemekana kwamba kwa karne nyingi Wayahudi wa Roma hawakukubali kupita chini ya tao lile. Walizunguka. Mimi nilikuwa nimepita, tena nikitabasamu kwenye kamera.

Hapo ningeweza kuishia, nikajihesabu upande wa walioibiwa. Ingekuwa rahisi. Lakini nimekwisha kusema kwamba mimi ni wa Marangu. Mangi wetu, Marealle, alikuwa rafiki wa Wajerumani, na wengi walioandika historia ya mlima huu wanasema maneno yake yalichangia kuwafikisha wale wengine kwenye mti. Marangu ikanufaika. Nikiwa mtoto niliyasikia haya yakisemwa kwa sauti ya chini, na kama kulikuwa na mgeni hayakusemwa kabisa. Kwa hiyo nilipotazama tena lile tao niliwatafuta wale wasiobeba kitu, walio pembeni ya msafara, ambao hawakuiba kinara lakini walikuwa na faida siku kilipopita.

Tena liko jambo linalonitatiza kuliko hilo. Mwaka 1893, ule ule ambao Meli alishindwa, ndio wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame. Mwaka 1896 wakafika Kidia, Old Moshi kwenyewe. Injili iliyombatiza babu yangu, iliyonipa mimi kusoma na mke na wimbo wa kufia, ilipanda mlima wakati ule ule na bunduki. Wapo wanaosema kwa hiyo imani yetu ni kinara kingine cha wizi, ila safari hii kimebebwa kuletwa. Sikubaliani nao. Paulo naye alifika Roma kwa barabara za Kaisari, akilindwa na askari wa Kaisari, na alichokibeba hakikuwa cha Kaisari. Lakini siwezi kuwakemea wanaouliza. Baba yangu aliniambia mambo ya Meli ni ya wapagani, tuyaache. Aliyasema kama Mkristo, nami nikayashika kama Mkristo, na kwa miaka 60 nikapita Kiboriloni kwenda mjini bila hata siku moja kushika njia ya kupanda Old Moshi. Roma nilikwenda kwa ndege.

Luka anaandika kwamba Yesu alipouona mji alilia. Aliujua utaanguka, alijua na kwa nini, na bado alilia. Sijui wangapi kati yetu tumewahi kulilia kitu kilichoanguka upande wa pili wa bonde.

Niliporudi nilipanda gari Kiboriloni, nikashuka juu, nikauliza ulipo mti. Mzee mmoja, mkubwa kwangu, akanipeleka. Nilimwamkia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia, Marangu.

"Watu wa Marangu hawaji hapa sana," alisema, bila hasira.

Tulisimama. Upepo ulikuwa unatoka mlimani, baridi. Nilimwomba tusali, naye akavua kofia, kisha akauliza, "Tumwombee nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tukainamisha vichwa hivyo hivyo, kila mtu na lake.